Kettle's Yard: Vijumba vinne vilivyogeuka nyumba ya sanaa

Jim Ede, mkusanyaji wa kazi za sanaa, alikuwa akiota kupata jumba la fahari. Alichopata mjini Cambridge, Uingereza, mwaka 1956, ni vijumba vinne vibovu vilivyokaribia kuanguka. Akavikarabati, akaviunganisha kuwa nyumba moja, Kettle's Yard, na mwaka uliofuata yeye na mkewe Helen wakahamia na shehena ya picha na sanamu.

Ede hakuwa tajiri, ila alikuwa na jicho. Alipokuwa mtumishi wa makumbusho ya Tate, London, alifanya urafiki na wasanii ambao wakati huo hawakuwa na soko, akiwemo Ben Nicholson. Alfred Wallis, mvuvi wa zamani wa Cornwall aliyeanza kuchora uzeeni, alimtumia kwa posta mafurushi ya picha zilizochorwa juu ya vipande vya maboksi. Ede alichagua alizozipenda, akalipa shilingi chache kwa kila moja. Kazi nyingi za Henri Gaudier-Brzeska, mchongaji Mfaransa aliyeuawa vitani mwaka 1915 akiwa na miaka 23, nazo ziliangukia mikononi mwake.

Hazina hiyo hakuifungia. Kila alasiri ya muhula, mlango ulikuwa wazi kwa wanafunzi wa chuo kikuu, naye mwenyewe akiwatembeza chumba hadi chumba. Aliwaazima hata picha wakazitundike vyumbani mwao. Mwaka 1966 aliikabidhi nyumba pamoja na vyote vilivyomo kwa Chuo Kikuu cha Cambridge, akaendelea kuishi humo hadi 1973.

Mgeni wa leo huvuta kamba ya kengele, akafunguliwa. Ndani hakuna vibandiko vya maelezo kando ya picha, na viti ni vya kukalia kweli. Katika chumba kimoja, juu ya sahani ya metali, limewekwa limau halisi. Ukitazama upande wa pili utaiona picha ya mchoraji Joan Miró yenye doa la manjano. Limau na doa vinaitikiana. Kwingine, mawe ya mviringo yaliyookotwa ufukweni yamepangwa juu ya meza, makubwa nje, madogo yakizunguka kuelekea katikati. Ede aliyapa heshima ileile aliyoipa michoro ya mabingwa.

Pembeni mwa nyumba kuna kumbi za maonyesho ya muda, zilizofunguliwa upya mwaka 2018 baada ya ujenzi mkubwa. Ni mpango wa busara. Nyumba hubaki ilivyo, kumbi hubadilika, na msanii wa leo hupata watazamaji ambao wametoka kukaa na kutazama bila haraka.

Utaratibu wa kuazima nao haujafa. Hadi sasa wanafunzi wa Cambridge huchukua picha halisi na kuishi nazo. Kwangu huo ndio urithi mkubwa zaidi wa Ede: aliamini kuwa kijana asiye na senti anastahili kuamka kila asubuhi mbele ya kazi nzuri, na akaiweka imani hiyo katika vitendo.