Hesabu ya CD4 iliyowapoteza madaktari wa Brazil

Mwaka 1994 Mauro Schechter na wenzake wa Rio de Janeiro walichapisha matokeo yaliyokwenda kinyume na mazoea ya tiba ya UKIMWI. Miongoni mwa wagonjwa wenye VVU, wale waliokuwa pia na kirusi cha HTLV-1 walikutwa na CD4, yaani seli za kinga ya mwili, nyingi kuliko wenzao. Kwa majibu ya maabara, walikuwa na nafuu. Daktari alipowachunguza mwilini, ugonjwa wao ulikuwa umekwenda mbali zaidi.

HTLV-1 ndiyo retrovirusi ya kwanza kugunduliwa kwa binadamu. Kundi la Robert Gallo, Marekani, liliitangaza mwaka 1980. Miaka mitatu baadaye, Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier wakakipata jijini Paris kirusi tunachokiita leo VVU, ambacho Gallo alikipa jina la HTLV-III akidhani ni cha ukoo uleule. Vyote viwili hushambulia seli za CD4, lakini VVU huziua, ilhali HTLV-1 huzichochea zizaane ili nayo izaane humo humo. Wengi huishi nayo bila dalili yoyote. Wachache hupata saratani ya damu au ugonjwa wa uti wa mgongo unaodhoofisha miguu.

Virusi hivi vikikutana mwilini, idadi ya CD4 hubaki juu huku kinga ikiporomoka. Mashine huhesabu seli tu, haijui kama zinafanya kazi. Huko Salvador, mji wa pwani ya Bahia ambako HTLV-1 imeenea sana, Carlos Brites na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba wagonjwa wa UKIMWI wenye virusi vyote viwili walikufa mapema kuliko wenye VVU peke yake. Tena HTLV-1 humwachia mgonjwa adui mwingine: strongiloidesi, mnyoo unaopenya kwenye nyayo za asiyevaa viatu, ambao kinga ikilegea huweza kusambaa mwili mzima na kuua.

Wagonjwa wa Tanzania na Kenya wanaikumbuka miaka ile ya kuambiwa wasubiri CD4 zishuke ndipo waanzishiwe ARV. Kwa mwenye virusi viwili, kusubiri huko kulikuwa hatari tupu, kwa kuwa zingeweza kuchelewa kushuka hata akiwa taabani. Brazil iliachana na kigezo hicho Desemba 2013, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2015.

Hata hivyo, CD4 bado hutumika kuamua nani apewe septrini ya kumkinga na magonjwa nyemelezi. ARV hazijathibitika kuidhibiti HTLV-1, na chanjo yake haipo. Brazil hupima HTLV kwa wachangia damu tangu 1993, lakini katika nchi nyingi mtu hutibiwa VVU miaka nenda rudi bila kupimwa kirusi hiki hata mara moja. Kipimo hicho ndicho kingemwambia daktari asiiamini ile namba.