Vinyungu na Maji Yasiyoonekana: Habari za Uwanda wa Makambako na Milima ya Upangwa

Mtu atokaye Lugarawa, katika milima ya Upangwa, akashika njia ya Njombe hata akafika Makambako na kuteremkia Wanging'ombe, hupita kwa safari moja nchi mbili zilizo mbalimbali kabisa kwa habari ya maji, ijapokuwa mkoa ni mmoja na majira ya mvua ni yale yale, yaanzayo Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei. Kule atokako mvua hupita milimita 1,000 kwa mwaka, na hata katika baridi ya Juni na Julai ukungu hulala juu ya vilima na kuyalowesha majani. Kule aendako, safu ya Kipengere, ambayo vilele vyake vyakaribia mita 3,000, huzuia sehemu kubwa ya mvua isivuke, hata ufikapo mwezi wa Septemba uwanda umekwisha kuwa vumbi, na vijito vingi vimebaki mchanga mtupu. Wakosea, basi, wale wazidhanio Nyanda za Juu Kusini kuwa zote ni nchi ya neema isiyojua kiu. Na historia ya wenyeji wake, ukiichunguza kwa makini, kwa sehemu kubwa ni historia ya kuyatafuta maji yasiyoonekana kwa macho.

Yale yaonekanayo yamegawanyika njia. Maji ya upande wa Lugarawa na Ludewa aghalabu hukusanywa na mto Ruhuhu, ambao huyamwaga katika Ziwa Nyasa. Ya Njombe hushika Ruhudji hata Kilombero. Na yale yashukayo Kipengere kwa kaskazini huenda katika mbuga za Usangu, yakaingia Ruaha Mkuu, yakapita mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, ndipo yakajiunga na Rufiji. Mkulima wa Wanging'ombe, ajue asijue, amefungamana na taa iwakayo Dar es Salaam, na jambo hili limemletea mashaka ambayo tutayaeleza.

Miamba iliyo chini ya nchi hii ni ya kale mno, nayo ni granaiti na jamii zake, isiyonywa maji. Kinywacho ni lile tabaka la juu yake, lililochakaa kwa jua na mvua za dahari nyingi likageuka udongo na changarawe. Humo mvua ya masika huzama polepole, ikateremka chini kwa chini kuufuata mteremko, mpaka ikatokeza tena penye tako la kilima, mithili ya mtungi utokwao na jasho. Kwa sababu hiyo mchimba kisima aweza kupata maji mahali pamoja, na hatua chache mbele akagonga mwamba mkavu, ila bahati imkutanishe na ufa. Kwa sababu hiyo hiyo, bonde lililo kati ya vilima viwili vikavu laweza kubaki bichi mwaka mzima.

Wabena, na jirani zao Wahehe, waliyajua haya pasipo kuwa na chombo cha kupimia, na maarifa yao wakayatia katika kilimo cha vinyungu. Mvua zikiisha kukatika na bonde likaanza kupungua maji, mtu huingia na jembe, akafyeka majani, akayalaza yakauke, kisha akayafukia chini ya matuta marefu. Na baina ya tuta na tuta huacha mfereji mwembamba, ambao kazi zake ni mbili zinazopingana: kuyatoa maji yanapozidi yasiozeshe mizizi, na kuyazuia yanapopungua. Kwa kuipandisha au kuishusha sakafu ya mfereji kwa kina cha kiganja tu, mkulima hodari huyaweka maji ya chini pale pale yanapohitajika na mizizi ya mahindi, maharage, njegere na maboga. Mazao hayo huanza kuliwa mvua mpya zinaponyesha, wakati ghala zimekwisha na mahindi ya mlimani yangali machanga. Na ambaye hajapata kuishi huku katika miezi hiyo ni vigumu kumweleza thamani ya kapu moja la mahindi mabichi mwezi wa Desemba.

Kilimo cha namna hiyo chataka jembe zuri, na hapa ndipo Upangwa ulipokuwa na sifa yake. Wapangwa walikuwa wafua chuma mashuhuri, walioyeyusha mawe ya chuma katika tanuri za udongo kwa makaa ya miti, kwa miiko mingi na heshima kubwa, kwa kuwa kwao tanuri lilikuwa kama mwanamke azaaye. Nayo mitungi ya kutekea ilitoka pwani ya Ziwa Nyasa, kwa wanawake wa Kikisi, ambao ufinyanzi wao wasifiwa hata leo.

Kilimo hiki nacho kilipata misukosuko yake. Karne ya kumi na tisa ilileta vita vya Wangoni na vya Wahehe, na mwaka 1905 vita vya Majimaji vikafika Ubena na Upangwa. Misheni ya Yakobi ikashambuliwa mwezi wa Septemba, na adhabu ya Wadachi ikawa kuteketeza chakula hata njaa ikaua watu wengi. Baada ya hapo ikaja miti ya kigeni: miwati, ambayo kampuni yake ilianza Njombe mwaka 1949, na milingoti, yaani mikaratusi, ambayo watu waliipanda hata ndani ya mabonde kwa kuwa hukua upesi. Mlingoti hunywa maji mengi mno, na chemchemi kadha wa kadha zimedhoofika kwa ajili yake. Kisha wakati wa vijiji vya ujamaa, katika miaka ya 1970, watu wengi walihamishiwa kando ya barabara, mbali na mabonde ya wazee wao. Na kwa auni ya UNICEF ukajengwa Wanging'ombe mradi mkubwa wa maji ya kutiririka yenyewe kutoka mlimani, ambao mitaro yake wanavijiji waliichimba kwa mikono yao.

Sasa tuyaeleze yale mashaka. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 ilikataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mito na vyanzo vya maji, na mwaka 2006, Mtera ilipopungua maji na umeme ukawa wa mgawo, wenye vinyungu walihesabiwa miongoni mwa wakosaji, wakaamriwa kutoka. Mimi nakiri kwamba chanzo cha maji ni amana, tena kijito kikilimwa hadi ukingoni hufa. Walakini si haki kumweka mwenye tuta la jembe la mkono, afanyaye kazi ya baba zake miezi michache kwa mwaka, katika fungu moja na mwenye shamba la milingoti bondeni, au na mwenye pampu ikaushayo kijito usiku na mchana. Huyo wa kwanza ndiye ajuaye maji yalikuwa wapi mwaka jana, na yamerudi nyuma kiasi gani mwaka huu.

Makambako, Njombe na Wanging'ombe zimo katika ile miji 28 iliyopewa mradi mkubwa wa maji kwa mkopo wa India, na mabomba hayo yanahitajika sana. Hata hivyo bomba halizalishi maji; huyachukua tu yaliyohifadhiwa na mlima na bonde. Nawaomba wakuu wa halmashauri zetu, kabla ya kupiga mstari wa mita 60 katika ramani, wawaite wazee wa vinyungu wakae nao barazani, wawaulize ni chemchemi ipi isiyokauka na ni ipi iliyokauka, na tangu lini. Kisha yaandikwe majibu yao pamoja na vipimo vya wahandisi, na milingoti iliyo mabondeni ing'olewe kwanza.