Kutoka Chumvi hadi Ndui: Historia ya DNA na RNA za Mkono wa Kushoto Ikitazamwa kutoka Singida

Mji wa Singida umekaa kati ya maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai. Maziwa hayo hayana mto unaoyatoa maji yake kwenda kwingine. Mvua ya mkoa ni haba, jua ni kali, na kiangazi kinapokolea maji hurudi nyuma na kuacha ukingo mweupe. Mkazi wa hapo hahitaji kufundishwa kwamba maji yakipungua chumvi huzidi. Singida haikuwa na maabara iliyoshiriki katika ugunduzi unaojadiliwa hapa. Hata hivyo, mkoa huu una vitu viwili ambavyo ugunduzi huo ulivipitia: chumvi nyingi katika maji, na kovu la chanjo ya ndui katika mikono ya wazee wake. Historia ya DNA ya mkono wa kushoto ni historia ya safari kutoka cha kwanza hadi cha pili.

Kabla ya kuifuata safari hiyo, inafaa kueleza maana ya mkono katika umbo la msokoto. Kamba ya katani ikishikwa wima mbele ya macho, nyuzi zake za upande wa mbele huonekana zikipanda kuelekea kulia au kuelekea kushoto. Kamba hiyo ikigeuzwa juu chini, jibu halibadiliki. Anayetaka kulibadilisha hana budi kuifumua na kuisokota upya. DNA iliyoelezwa na James Watson na Francis Crick mwaka 1953, kwa kutegemea pia picha za eksirei za Rosalind Franklin, ni kamba ya nyuzi mbili inayopanda kuelekea kulia, yenye takriban jozi 10 za besi katika kila mzunguko. Wachoraji wengi wa mabango na majalada ya vitabu wameichora ikipanda kushoto bila kukusudia, na wasomaji wengi hawakugundua. Kosa hilo la wachoraji lisichanganywe na habari inayofuata, kwa maana DNA ya kushoto ya kweli si picha ya kulia iliyotazamwa kwenye kioo.

Mwaka 1972, Fritz Pohl na Thomas Jovin, waliofanya kazi katika Taasisi ya Max Planck huko Göttingen, Ujerumani, walichapisha matokeo ya jaribio lililokuwa jepesi kwa vifaa na zito kwa maana. Walichukua DNA iliyotengenezwa maabara, yenye guanini na sitosini zikipokezana tupu, wakaiongezea chumvi ya kawaida hatua kwa hatua. Kisha walipima jinsi DNA hiyo inavyomeza nuru inayozunguka kulia ikilinganishwa na ile inayozunguka kushoto. Chumvi ilipofika moli 4 kwa lita, yaani gramu 234 hivi katika kila lita, mchoro wa vipimo ulikuwa umepinduka juu chini. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 tu kwa lita. Aidha, badiliko hilo halikuja polepole kwa kila kipande peke yake. Lilikuja kwa pamoja, kama safu ya watu wanaogeuka kwa amri moja, na chumvi ilipopunguzwa DNA ilirudi katika hali yake ya awali.

Miaka saba baadaye ikapatikana picha. Kundi la Alexander Rich katika chuo cha MIT nchini Marekani, ambamo Andrew Wang alikuwa mtendaji mkuu, lilichunguza fuwele ya kipande kifupi chenye jozi sita kilichosanisiwa na wenzao wa Leiden, Uholanzi. Ilikuwa miongoni mwa fuwele za kwanza za DNA kuonekana kwa uwazi wa kufikia atomi mojamoja. Waliotarajia kuthibitisha umbo la mwaka 1953 walikuta msokoto wa kushoto, wenye jozi 12 kwa kila mzunguko, mwembamba zaidi na mrefu zaidi. Uti wake haukupanda kwa mkunjo laini bali kwa kupinda huku na huku, na kwa sababu hiyo umbo hilo likapewa herufi Z. Fuwele hiyo ilieleza pia kazi ya chumvi. Katika umbo la Z, guanini hujigeuza juu ya sukari yake, na makundi ya fosfati ya nyuzi mbili husogeleana. Fosfati zina chaji hasi, nazo husukumana. Chembe chanya za chumvi huingia katikati na kuupoza msukumano huo. Sifa nyingi zimeelekezwa kwa fuwele ya mwaka 1979, lakini haki inadai ikumbukwe kwamba watafiti wa Göttingen walikuwa wamekwisha kuliona tukio lenyewe kabla ya kuwapo kwa picha yake.

Hapo ndipo shaka ilipoanza, na shaka hiyo ilidumu zaidi ya miaka kumi na tano. Kuna maelezo yanayowachukulia walioshuku kuwa wahafidhina waliokataa jambo jipya. Ni vigumu kuyakubali. Seli ya binadamu haina chumvi ya kiasi kile, na mwanasayansi aliyeuliza kama DNA ya kushoto ni kitu cha uhai au ni kitu cha chupa ya maabara alikuwa akiuliza swali halali. Majibu ya mwanzo yalikuwa ya nusunusu. Mwaka 1981, Michael Behe na Gary Felsenfeld walionyesha kwamba sitosini ikibandikwa kundi la methili, jambo linalotokea katika seli zetu, mahitaji ya chumvi hushuka sana. Mwaka 1987, Leroy Liu na James Wang walieleza jinsi kimeng'enya kinachonakili jeni kinavyoikaza DNA iliyo mbele yake na kuilegeza iliyo nyuma yake. Kamba iliyolegezwa kupita kiasi hutafuta nafuu, na sehemu yake fulani inaweza kuipata kwa kujisokota kinyume. Basi umbo la Z lingeweza kutokea ndani ya seli, kwa muda mfupi, pale jeni inaponakiliwa.

Swali la chumvi lenyewe halikuachwa. Viumbe vidogo vya jenasi Halobacterium huishi katika maji yaliyojaa chumvi na huruhusu chumvi nyingi ya potasi ndani ya seli zao. Iwapo chumvi peke yake ingetosha, DNA yao ingetarajiwa kugeuka kushoto kila palipo na mfuatano unaofaa. Uchunguzi wa Shiladitya DasSarma na wenzake katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba hata katika viumbe hao kulegea kwa msokoto kulikuwa na sehemu kubwa katika jambo hilo. Kwa mtu anayetazama ukingo mweupe wa Kindai, matokeo hayo yana somo la moja kwa moja: ukali wa maji ya nje hautoshi kutabiri umbo la kilichomo ndani ya seli.

RNA ilifuata njia hiyohiyo. Mwaka 1984, kundi lililomjumuisha Ignacio Tinoco lilitangaza kwamba RNA ya nyuzi mbili nayo huweza kusokotwa kushoto, tena kwa chumvi kali kuliko ile iliyohitajika kwa DNA. Tangazo hilo halikupata msisimko mkubwa wakati ule. Baadaye ilikuja kuonekana kwamba RNA ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya jibu.

Mgeuko ulikuja mwaka 1995. Alan Herbert, akifanya kazi na Rich, alikuwa akitafuta protini inayoshika umbo la Z na kuliacha umbo la kawaida. Alichokipata ni kimeng'enya ADAR1, ambacho kazi yake ni kuhariri RNA za nyuzi mbili ili mwili usizidhanie kuwa za adui. Mwaka 1999 fuwele ilionyesha jinsi kipande cha protini hiyo, kiitwacho Zα, kinavyoukumbatia msokoto wa kushoto. Mwaka 2012, badiliko la asidi amino moja katika kipande hicho liliorodheshwa miongoni mwa yale yanayowapata watoto wenye ugonjwa wa Aicardi-Goutières, ambamo kinga ya mwili huushambulia ubongo wa mwenyewe.

Kipande cha Zα hakimo katika protini za binadamu pekee. Kimo pia katika protini E3 ya vaksinia, kirusi hai kilichotumika kama chanjo ya ndui. Mpango wa dunia wa kuutokomeza ugonjwa huo uliimarishwa mwaka 1967, wakati Tanzania ilipokuwa bado miongoni mwa nchi ambamo ndui ilienea. Katika vijiji vya Wanyaturu na Wanyiramba, kama kwingineko nchini, kirusi hicho kilitiwa katika ngozi ya mkono na kuacha kovu. Mgonjwa wa mwisho wa maambukizi ya asili duniani alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 ndui ikatangazwa kutokomezwa. Wachanjaji hawakuwa na habari ya msokoto wa kushoto, wala hakukuwa na sababu ya wao kuwa nayo.

Mwaka 2003, jaribio la panya lilibainisha kwamba vaksinia ikinyimwa uwezo wa kushika umbo la Z hupoteza makali yake, na kwamba makali hayo hurudi kipande kile kikibadilishwa kwa Zα ya ADAR1. Sababu ilifahamika baadaye. Seli ina mlinzi aitwaye ZBP1, naye ana vipande vya Zα. Akiigusa RNA ya kushoto iliyozalishwa na kirusi, huiamuru seli ijiue kabla kirusi hakijamaliza kuzaliana. E3 huifunika RNA hiyo ili mlinzi asiione. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 ulithibitisha kwamba ni RNA ya umbo la Z inayofichwa, na mwaka uliotangulia kundi la Siddharth Balachandran huko Philadelphia lilikuwa limeonyesha RNA ya namna hiyo katika seli zilizoambukizwa mafua. Kitu kilichoanza kama tukio la chumvi kali kilikuwa kimekuwa alama ambayo kwayo seli humtambua mvamizi.

Sura ya karibuni zaidi inahusu mpox, ambayo kirusi chake ni jamaa wa ndui na vaksinia. Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza wagonjwa wa kwanza nchini Machi 2025. E3 ya kirusi hicho imekatika mwanzoni, imepungukiwa asidi amino 37, na kwa hiyo Zα yake si kamili. Kwa hesabu ya kawaida kingepaswa kukamatwa upesi na ZBP1. Hata hivyo huwaambukiza watu, na sehemu ya maelezo yaliyotolewa ni kwamba huzalisha RNA ya nyuzi mbili kidogo kuliko vaksinia, yaani hupunguza kile ambacho mwenzake hukificha. Chanjo ya zamani ya ndui huwapa waliochanjwa kinga kiasi dhidi ya mpox. Singida, wenye kovu lake ni watu waliozaliwa kabla chanjo haijasitishwa. Kovu linaloonekana kwa vijana ni la chanjo ya kifua kikuu.