Kutoka Mnara wa Ras Mkumbi hadi Vioo vya Jua

Mnara wa taa wa Ras Mkumbi, kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Mafia, ulijengwa na Wajerumani mwaka 1892, miaka miwili baada ya kisiwa kutoka katika milki ya Sultani wa Zanzibar. Mnara kama huo huhitaji hesabu ya kuongoza nuru. Taa ikikaa kwenye fokasi ya kioo cha parabola, miale yake hutoka sambamba na kufika mbali baharini. Hesabu hiyo hiyo ikigeuzwa, miale ya jua, ambayo hufika karibu sambamba, hukusanyika mahali pamoja na kuzaa joto.

Afrika iliuona mapema mtambo wa kukusanya miale ya jua kwa vioo. Mwaka 1913, huko Maadi karibu na Cairo, Mmarekani Frank Shuman alizindua vihori vitano vya vioo, kila kimoja na urefu wa mita 62 hivi; mvuke wake uliendesha pampu ya maji ya Nile. Vita Kuu ya Kwanza ikauzima mtambo huo.

Ugumu wa kukusanya miale ya jua kwa vioo ni kwamba jua si nukta. Angani lina upana wa nusu digrii hivi, kwa hiyo hata kioo kisicho na dosari, kikiwa mita 10 kutoka shabaha, hutoa taswira yenye upana wa sentimita 9 hivi. Mwinamo wa kioo ukikosewa kwa robo digrii, mwale hukengeuka nusu digrii, yaani upana mzima wa jua. Ndiyo maana tangu miaka ya 1970, bei ya mafuta ilipopanda, maabara za Marekani zimeandika programu za kompyuta zinazofuata mwale mmoja mmoja kwa mamilioni, zikihesabu umbo la jua, mkunjo wa kioo na uchafu juu yake.

Hata hivyo, hali ya hewa ya Mafia haivipendelei vioo hivyo. Vioo huhitaji miale iliyonyooka, lakini mawingu na unyevu wa pwani huitawanya, na chumvi ya bahari hufifisha kioo kisipooshwa mara kwa mara. Paneli za jua za kawaida hutumia hata nuru iliyotawanyika, hivyo ndizo zinazokifaa kisiwa. Vioo vingefaa zaidi nyanda kavu za Dodoma na Singida.