Uongozi wa mageuzi: Miaka 20 ya Dk. Kimei ndani ya CRDB

KWA miaka mingi, wanahisa wa Benki ya CRDB wamekuwa wakikutana jijini Arusha, katika kituo cha mikutano cha AICC, kupokea hesabu za benki yao. Ni mwendo mfupi kutoka Kijenge, ambako leo mkazi anaweza kuweka au kutoa fedha kwa wakala wa mtaani bila kufika tawini. Miaka ya 1990 mambo yote mawili, mwananchi kumiliki hisa za benki na benki kumfuata mwananchi mtaani, yalikuwa mageni nchini.

Wataalamu wa menejimenti huita mabadiliko ya namna hiyo matunda ya uongozi wa mageuzi. Dhana hiyo ilipata umaarufu mwaka 1978 kupitia kazi ya Mmarekani James MacGregor Burns, kisha ikapanuliwa mwaka 1985 na Bernard Bass. Kiongozi wa kawaida hutoa ujira na kudai kazi. Kiongozi wa mageuzi huwa mfano kwa walio chini yake, huwaonyesha lengo kubwa kuliko mshahara, huwaruhusu kuhoji mazoea na humlea kila mmoja kwa kadiri ya kipaji chake.

Chimbuko la CRDB

CRDB ilitokana na taasisi za serikali za mikopo ya kilimo. Mwaka 1971 ilianzishwa Benki ya Maendeleo Vijijini, na mwaka 1984 ikawa Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini. Kama mashirika mengi ya umma ya enzi hizo, ilielemewa na madeni yasiyolipika. Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 1991 ilifungua milango ya ushindani, na mwaka 1996 benki hiyo ikabinafsishwa. Hisa zake zilichukuliwa na maelfu ya Watanzania wa kawaida, vyama vya ushirika, taasisi za ndani na mfuko wa uwekezaji wa DANIDA wa Denmark.

Mwaka 1998, Dk. Charles Kimei, mchumi aliyetokea Benki Kuu ya Tanzania, alikabidhiwa wadhifa wa Mkurugenzi Mtendaji. Mtihani wake haukuwa fedha pekee. Ilimpasa kuwabadili watumishi waliozoea kumwona mteja kama mwombaji, ili wamwone kuwa ndiye sababu ya wao kuwepo kazini.

Katika kipindi chake, kadi za TemboCard ziliwazoesha wateja kutoa fedha kwenye mashine badala ya kupanga foleni dirishani. Aidha, benki ilikopesha kupitia SACCOS, na hivyo kuwafikia wananchi ambao hawakuwa na dhamana ya kuwaingiza tawini. Mwaka 2009 hisa zake ziliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, na mwaka 2012 ikavuka mpaka na kufungua benki tanzu nchini Burundi.

Upande wa pili

Hata hivyo, sifa za kiongozi hazifuti hesabu. Faida ya benki baada ya kodi iliyokuwa takribani Sh bilioni 129 mwaka 2015 iliporomoka hadi takribani Sh bilioni 36 mwaka 2017. Mikopo chechefu ilikuwa imeongezeka katika sekta nzima ya benki, na fedha za taasisi za umma zilikuwa zimehamishiwa Benki Kuu. Kwa mstaafu aliyeweka kiinua mgongo chake katika hisa, hizo hazikuwa takwimu tu, kwani faida inaposhuka, gawio nalo huwa hatarini.

Hapo ndipo kipimo halisi cha uongozi wa mageuzi kinapoonekana. Dk. Kimei aliondoka mwaka 2018 baada ya miaka 20, na nafasi yake ikachukuliwa na Abdulmajid Nsekela. Mwaka 2023 faida baada ya kodi ilifikia takribani Sh bilioni 424, na mwaka huo huo benki ikaingia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Benki iliyomtegemea mtu mmoja ingeyumba alipoondoka. Hii ilipata msukumo mpya juu ya msingi uliokwisha kujengwa.

Arusha inalo pia funzo la upande mwingine. Kiwanda cha matairi cha General Tyre, kilichomilikiwa na Serikali kwa ubia na kampuni ya Continental ya Ujerumani, kilisimamisha uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000, na ajira nyingi zikapotea. Si haki kulilinganisha shirika moja na jingine kana kwamba tofauti yao ni kiongozi pekee. Mtaji, mitambo, ushindani wa bidhaa za nje na maamuzi ya wamiliki vyote vina uzito wake. Bosi hodari asiye na mtaji wala bodi inayomuunga mkono hubaki na maneno matupu.

Kwa sababu hiyo, wanahisa wanaopima uongozi wa shirika lao hawana budi kuuliza zaidi ya ukubwa wa gawio la mwaka. Wanapaswa kuuliza nani anaandaliwa kushika usukani, mikopo inatolewa kwa vigezo gani, na kama mtumishi wa chini anaweza kumweleza mkuu wake kwamba amekosea. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoamua hatima ya akiba zao siku mkurugenzi atakapokabidhi ofisi.