Shivaratri ya Maskati

Shivaratri ya Maskati ni sikukuu ya Wahindu inayoadhimishwa kila Februari au Machi, usiku wa giza kabla ya mwezi mwandamo, katika hekalu la Motishwar, Maskati ya zamani, karibu na Kasri ya Al Alam. Hekalu hilo la mungu Shiva lilianzishwa na wafanyabiashara wa Kigujarati kutoka Kutch, magharibi mwa India. Umri wake hutajwa kwa tofauti kubwa, tangu miaka mia na ushei hadi karne tatu.

Waumini hufunga, hukesha, na hupanga foleni wakiwa na maziwa, maua na majani ya mti wa bilva. Maziwa humiminwa juu ya jiwe takatifu la lingam, kisha maji, kisha majani hutandazwa juu yake. Wengi wao siku hizi ni wafanyakazi kutoka pande zote za India, si Wagujarati pekee. Februari 2018 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alizuru hekalu hilo.

Msomaji wa Zanzibar ana sababu ya kulijali. Mabaniani, wafanyabiashara wa Kihindu wa Kutch, walisaidia kuziunganisha Maskati na Unguja: katika karne ya 19 nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ilikodi forodha ya Zanzibar chini ya Sultani Sayyid Said, na ikamkopesha fedha.

Mgeni avae nguo za heshima na avue viatu mlangoni. Tarehe hubadilika kila mwaka, basi aiulize kabla ya kukata tiketi.