Vitumbua vya Kinondoni na Njia ya Mlimani

Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aghalabu huanzishwa tarehe 25 Oktoba 1961, siku kilipofunguliwa chuo kikuu kishiriki ndani ya jengo la chama cha TANU katika Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika 15, ambao miongoni mwao alikuwamo mwanamke mmoja, Julie Manning, aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria mwaka 1975. Kisha msimulizi hukitia chuo hicho katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, hukipandisha kilimani mwaka 1964, na hatimaye hukipa uhuru wake tarehe 1 Julai 1970. Masimulizi hayo ni ya kweli, wala sina nia ya kuyatangua. Lakini yamejaa marais, wafadhili na maazimio, na ndani yake hamna hata harufu ya moshi wa mkaa. Ilhali maili chache tu kutoka kilima hicho, katika nyua za Kinondoni, Magomeni, Mwananyamala na Tandale, walikuwapo wanawake ambao ama hawakupata kabisa kukaa darasani ama walikaa kitambo kidogo wakaondolewa, nao wakiamka saa kumi za alfajiri kuwasha majiko, na kwa senti walizozikusanya sahani kwa sahani baadhi ya watoto wao wakaufikia mlango ambao hakuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kuupita.

Kinondoni si mji wa kale. Palikuwa na mashamba na minazi, na hata leo mtaa mmoja wake unaitwa Kinondoni Shamba, hadi serikali ya Kiingereza, ambayo ilikuwa imeugawa mji kwa rangi za watu hata kukawa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, ilipoona baada ya Vita Kuu ya Pili kwamba Kariakoo na Ilala zimefurika, ikapima viwanja vipya Magomeni, Temeke na Kinondoni. Watu walikuwa wakimiminika: hesabu ya mwaka 1948 iliukuta mji una wakazi wapatao 69,000, na ile ya mwaka 1957 ikawakuta wamepita 128,000. Wengi wa waliohamia walikuwa wanaume wenye vibarua bandarini, relini na katika nyumba za Wazungu, watu wasio na mke wala jiko, ambao asubuhi walihitaji kitu cha moto tumboni kabla ya kuteremka mjini kwa miguu au kwa baiskeli.

Mtu asiyeijua nyumba ya Kiswahili hataijua biashara hii. Nyumba yenyewe ina ujia katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, kibaraza mbele na ua nyuma. Mwenye nyumba hukaa katika chumba kimoja au viwili na vilivyobaki hupangisha, kwa hiyo wateja wa kwanza wa mwanamke mpishi walikuwa wapangaji wa nyumba ile ile, waliolala ukuta mmoja naye. Ua ulikuwa karakana na kibaraza kilikuwa duka. Mchele ulichambuliwa na kulowekwa tangu mchana, jioni ukatwangwa kinuni mpaka ukawa unga laini, ukakorogwa kwa tui la nazi, sukari, iliki na hamira, na rojo ile ikaachwa iumuke usiku kucha huku imefunikwa. Alfajiri chuma cha vitumbua kikapashwa moto, kila shimo likatiwa mafuta kidogo, na mpishi akawa anamimina kwa mkono mmoja na kugeuza kwa kijiti kwa mkono wa pili, bila kukosea na bila kutazama sana. Wengine walipika maandazi, chapati, mihogo, samaki wa kukaanga, uji. Mchana wali kwa maharage. Kazi haikuhitaji mtaji mkubwa, wala cheti, wala ruhusa ya mume kuvuka barabara. Ilihitaji kuamka.

Hapa pana jambo ambalo naona limepuuzwa na wengi walioandika juu ya wanawake wa pwani kana kwamba walikuwa mateka wa nyumba zao. Kwa sheria ya Kiislamu mali ya mke ni ya mke, na mume anawajibika kumlisha hata kama mkewe ana fedha kuliko yeye. Kwa hiyo faida ya vitumbua haikuingia katika mfuko wa baba wala haikuhesabiwa katika posho ya nyumbani, bali ilifungwa katika pindo la kanga, ikapelekwa katika upatu. Upatu wenyewe ulikuwa shule ya uaminifu: kila mmoja hutoa sawa na mwenzake kwa kila zamu, na jumla huchukuliwa na mmoja mpaka wote wapate, bila hati, bila mdhamini, kwa haya ya kukutana macho tu. Zamani fedha ile ilikwenda katika arusi, unyago, mikufu na sare za ngoma ya lelemama, na wapo waliowacheka akina mama kwa israfu hiyo. Lakini chombo kilichokwisha kuzoea kukusanya fedha kwa ajili ya ngoma hakikuwa na taabu ya kuzikusanya kwa ajili ya shule, siku shule ilipopata thamani machoni pao.

Siku hiyo ilihimizwa na siasa. Mwaka 1955 TANU ilipotaka wanachama wanawake, ilimwendea Bibi Titi Mohamed, mwimbaji mashuhuri wa ngoma, naye akawaendea viongozi wa vyama vya lelemama na wanawake wenye biashara zao ndogo ndogo, kwa kuwa hao walikuwa na mtandao, walikuwa na fedha yao, na hawakuwa na mwajiri wa kuwatisha. Makarani wa serikali walikatazwa kujiunga na chama. Muuza maandazi alikatazwa na nani? Wanawake hao waliuza kadi, wakachanga, wakalisha wageni wa mikutano. Na uhuru ulipopatikana mwaka 1961 walikuwa na haki ya kuuliza watoto wao watapata nini. Jibu walilopewa lilikuwa elimu.

Kwa miaka ishirini na zaidi ya mwanzo serikali ilijitwika sehemu kubwa ya mzigo. Karo ya shule za msingi iliondolewa mwaka 1973, Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote, na kijana aliyefika Mlimani alisomeshwa kwa fedha ya umma, akalazwa na akalishwa. Kabla ya hapo, mwezi wa Oktoba 1966, wanafunzi zaidi ya 300 waliandamana hadi Ikulu kuyapinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao kwa hasira, akiona kwamba waliosomeshwa kwa jasho la maskini wanataka kusahau wanadaiwa na nani. Kwa mtoto wa Kinondoni deni hilo halikuwa la mfano, kwa maana mdai wake alikuwa ameketi uani. Hata shule ilipokuwa bure, sare, daftari, nauli na mafuta ya taa havikuwa bure. Na kubwa kuliko hayo, mama aliyemwacha binti aende sekondari alipoteza mikono miwili jikoni, akavumilia pia maneno ya jirani waliomwuliza binti ataolewa lini. Azimio lile la Musoma lilipotaka wanafunzi wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, idadi ya wasichana ilishuka, na haukupita muda mrefu wakasamehewa sharti hilo. Akina mama wa uani wangaliweza kuyatabiri hayo kabla ya wataalamu.

Kisha ikaja dhiki. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979, bei ya mafuta, uhaba wa fedha za kigeni na makosa yetu wenyewe viliufanya mshahara wa mwezi usifike hata nusu ya mwezi, na foleni za sukari, sabuni na unga zikawa sehemu ya maisha. Ndipo mwanamke wa vitumbua, ambaye zamani alileta ziada, akawa ndiye tegemeo la nyumba. Na ni wakati huo huo, mwaka 1983, serikali ilipotunga Sheria ya Nguvu Kazi na kuanza kuwasaka mjini wale wasio na kazi inayotambuliwa ili warudishwe vijijini, na wauza vyakula nao wakajikuta wakificha masufuria kila walipoonekana askari. Sijui hitilafu ya hukumu iliyo kubwa kuliko hiyo katika historia ya mji wetu: kumwita mzururaji mtu ambaye ameamka kabla ya adhana! Jiji halikuchukua muda kuanza kutoa leseni kwa wafanyabiashara wadogo, kwani haikuwezekana kuwalisha wafanyakazi wa mji bila wao. Tusisahau pia kwamba dhiki ile ilipanda hadi kilimani, wahadhiri wakafuga kuku na nguruwe nyuma ya nyumba zao. Elimu ya juu ikajifunza kwa elimu ya uani.

Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 wanafunzi wa vyuo vikuu walitakiwa kuchangia gharama, na hapo mzigo uliokuwa wa serikali ukateremshwa tena mabegani mwa wazazi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005, wakati ule ule shule za sekondari za kata zilipokuwa zikifunguliwa kwa wingi na kuwafungulia njia ya kidato cha sita watoto ambao wazazi wao hawakuvuka darasa la saba. Mkopo ni neema, wala sisemi vinginevyo. Lakini fomu yake inataka vyeti, saini ya serikali ya mtaa, mdhamini na maelezo ya kazi ya mzazi, na yapo majuma baina ya kuripoti chuoni na kuingia kwa zile fedha za kujikimu ambazo wanafunzi wenyewe huziita bumu. Ni nani hutoa nauli, godoro na ndoo katika majuma hayo? Ni kikoba cha mtaani, upatu wa zamani uliovaa jina jipya; na katika fomu, mbele ya neno kazi, huandikwa mjasiriamali, au mama lishe, au wakati mwingine, kwa aibu ya kijana mwenyewe, hapaandikwi kitu.

Aibu hiyo sharti isemwe, kwa sababu simulizi za uvumilivu wa mama huwa tamu mno. Kijana wa kwanza wa ukoo kufika chuo kikuu huwa amebeba sinia barabarani kabla ya kwenda shule, amezomewa na wenziwe, na anapofika Mlimani hukuta watu wanaozungumza juu ya shahada za baba zao kama mambo ya kawaida. Hana wa kumwuliza chuo kinavyokwenda. Alicho nacho ni mazoea aliyoyaona: kuanza kazi usiku kwa ajili ya asubuhi, kuhesabu chenji bila karatasi, kumkopesha mteja na kumdai bila kumfukuza, na mvua ikinyesha kukicha, rojo ikiwa imekwisha kuumuka, kutopoteza wakati kwa kulalamika. Mama hawezi kumsaidia katika somo la takwimu. Lakini mwanafunzi anayeshindwa saa nane za usiku anajua kwamba saa mbili baadaye kuna mtu kule Hananasif, Kinondoni, atakayeamka, iwe amechoka au hakuchoka.

Mwaka 1984 mwanahistoria Susan Geiger wa Marekani alianza kukaa na Bibi Titi na wenzake akiandika maisha yao kwa vinywa vyao wenyewe, na kitabu alichokitoa mwaka 1997 ndicho kimeokoa sehemu kubwa ya tunayoyajua juu ya wanawake wa TANU. Wanawake waliowasomesha watoto kwa chuma cha vitumbua hawajapata bado mwandishi wa namna hiyo; hutajwa kwa mstari mmoja tu katika ukurasa wa shukrani wa tasnifu, kisha tasnifu yenyewe ikaendelea kuzungumza habari za nchi nyingine. Nawasihi basi wanafunzi wa historia waliotoka Kinondoni, Magomeni na Temeke: waulizeni mama zenu bei ya mchele ilikuwa kiasi gani mwaka ule mlipoanza kidato cha kwanza, nani alikuwa mshika fedha wa upatu, na askari walipita siku gani, mkayaandike majibu wangali hai.